Insulini Haiingii Ndani: Kipokezi Kinavyoamshwa

Katika kufundisha baiolojia hapa Chake Chake, swali ninalolithamini kuliko mengine hutoka kwa wanafunzi ambao nyumbani kwao yupo mzee anayechomwa sindano za insulini: ikiwa insulini haipenyi utando wa seli, ndani ya seli kunajulikanaje kwamba imefika? Vitabu vingi hujibu kuwa hunasa kwenye kipokezi, kisha vikapita. Mimi naona hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza.

Vipokezi ninavyovikusudia ni protini ambazo zenyewe ni vimeng'enya. Sehemu ya nje hupokea ligandi, yaani molekuli iletayo ujumbe. Sehemu ya ndani ni kinasi, ambayo huchukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli ibebayo nishati ya seli, na kuibandika juu ya asidi amino iitwayo tairosini. Baina ya pande hizo, protini hupita katika utando kwa uzi mmoja tu uliojisokota, na uzi mwembamba kiasi hicho, ukiwa peke yake ndani ya mafuta, hauna nguvu ya kusukuma umbo la upande wa pili. Kwa hiyo kazi hufanywa na vipokezi wawili wawili.

Tuangalie kipokezi cha EGF, protini ya ukuaji yenye asidi amino 53, ambayo ugunduzi wake ulimpatia Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini. Kikiwa kimetulia, kipokezi hiki hujikunja upande wa nje, na kijimkono cha kumshikia mwenzake hubaki kimefichika. EGF inapoingia baina ya sehemu zake mbili na kuzikutanisha, kijimkono hufunuka, vipokezi viwili hushikana, na kinasi zao hukutana huko ndani. Hazikutani kwa usawa: moja huegemea nyingine, na ile iliyoegemewa ndiyo inayoamka na kubandika fosfati kwenye mkia wa mwenzake, yaani ncha ya protini iliyo ndani ya seli. Mtu hujikuna ajipatapo, na mgongoni hukunwa na mwenziwe. Ndivyo ilivyo kwa mikia hii. HER2, ndugu wa kipokezi hicho, hukaa kijimkono nje wakati wote bila kungoja ligandi yoyote, na ndiyo maana kuzidi kwake katika seli za titi ni jambo la hatari.

Kipokezi cha insulini kina njia yake. Chenyewe ni pacha tangu mwanzo, nusu zake zikiwa zimefungwa kwa vifungo vya salfa, hivyo insulini haina wa kumkutanisha na mwenzake. Inachofanya ni kubadili umbo la nje hata miguu miwili iliyokuwa imetanuka ikakaribiana, na kinasi zikafikiana. Kabla ya hapo, kitanzi kimoja cha protini huwa kimeziba mahali pa kazi pa kinasi. Tairosini zake tatu zinapobandikwa fosfati, kitanzi husogea na mahali hapo hubaki wazi. Protini za ndani huja kunasa kwenye tairosini za kipokezi zilizobandikwa fosfati, ujumbe ukapokezanwa, hadi milango ya glukosi ikapandishwa kwenye utando wa seli za misuli na mafuta.

Katika kisukari cha aina ya pili, mara nyingi insulini ipo na kipokezi hunasa ligandi yake vizuri; kinacholegea ni upokezanaji huu unaofuata ndani.