Moshi wa ndege hauishii uwanjani

Kwa miaka mingi, hesabu za uchafuzi wa hewa utokanao na ndege ziliishia kwenye kimo cha futi 3,000, kana kwamba kinachotolewa juu ya hapo hakimhusu mtu anayevuta pumzi huku chini. Mwaka 2010, mtafiti Steven Barrett na wenzake walichapisha matokeo ya modeli ya kompyuta iliyofuatilia moshi wa ndege zikiwa safarini angani, wakakadiria kuwa unasababisha vifo vya mapema vipatavyo 8,000 kwa mwaka duniani.

Njia yenyewe ni ndefu. Injini hutoa oksidi za nitrojeni na za salfa. Upepo huzisafirisha mbali huku zikishuka taratibu, na zikichanganyika na amonia, ambayo nyingi hutoka mashambani, hugeuka chembechembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Modeli huigawa anga katika visanduku, hukokotoa kemia na mwendo wa hewa katika kila kimoja, kisha huoanisha kiwango cha chembechembe karibu na ardhi na idadi ya wakazi ili kukadiria vifo.

Hata hivyo, visanduku vya modeli ya dunia nzima ni vikubwa mno kuweza kuuona mtaa mmoja. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 karibu na uwanja wa ndege wa Los Angeles, Marekani, vilionyesha kuwa idadi ya chembechembe ndogo kupindukia, ndogo hata kuliko zile laini, iliongezeka angalau maradufu hadi kilomita 16 upande uelekeako upepo. Viwango vya kisheria vya ubora wa hewa hupima uzito, na chembechembe hizo karibu hazina uzito. Kwa maoni yangu, zinapaswa kuhesabiwa kwa idadi.