Saa 16 kwa wiki na kadi ya chama

Nilianza kazi dukani nikiwa na miaka 19, huku masomo ya chuo yakinimaliza mchana kutwa. Nilipangiwa zamu nne za jioni kwa wiki kwenye kaunta ya malipo, kila zamu saa nne, jumla saa 16. Nilijiona mpita njia. Wenye kazi, kwa mawazo yangu, walikuwa wale wa kudumu waliokaa pale miaka kumi na kuendelea. Sisi wa saa chache tulikuwa tumejishikiza tu. Kwa hiyo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliponiletea fomu kwenye chumba cha mapumziko, nilimshukuru, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Sikuitazama tena.

Tangu hapo vijana wengi wameniuliza swali lile lile nililokuwa nikijiuliza mwenyewe: mtu wa saa chache, ambaye mwakani huenda hayupo, chama cha wafanyakazi kitamfaa nini? Jibu langu ni kwamba ajiunge, tena mapema. Ila sikulifikia kwa siku moja, na njiani chama chenyewe kilinikera pia.

Kilichonifungua macho ni dakika. Zamu yangu iliandikwa kuanza saa kumi na moja jioni, lakini nilitakiwa niwe nimefika robo saa kabla, nivae sare, nihesabu fedha za kuanzia kwenye droo na kutia saini. Duka lilifungwa saa tatu usiku. Baada ya hapo nilihesabu droo upya, nikalinganisha na karatasi ya mashine, nikamsubiri msimamizi aje kuhakiki. Hesabu zikikubali, ni dakika 20. Malipo yalikuwa ya saa nne kamili, basi. Hakuna aliyetuficha jambo hilo, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyelishangaa.

Usiku mmoja hesabu zilikataa kwa kiasi kidogo sana, tukashikiliwa hadi karibu saa nne. Dada wa kaunta ya pili, mama wa watoto wawili ambaye naye alikuwa wa saa chache, alikosa basi la mwisho. Akaondoka kwa miguu, gizani. Kesho yake nilinunua daftari, nikaanza kuandika saa niliyoingia mlangoni na saa niliyotoka.

Baada ya wiki nne nilikaa nikajumlisha. Dakika 35 kwa zamu, 140 kwa wiki, 560 kwa wiki nne. Ni saa 9 na dakika 20, wakati saa nilizolipwa kwa kipindi hicho zilikuwa 64. Yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya saba ya saa nilizolipwa niliifanya bure. Kisha nikaona kitu ambacho hadi leo napenda kila kijana wa saa chache akipigie hesabu mwenyewe: kuhesabu droo huchukua muda ule ule, zamu iwe ya saa nne au ya saa nane. Mwenzangu wa kudumu aliifungua na kuifunga droo mara moja kwa saa nane. Mimi kwa saa hizo hizo niliifungua na kuifunga mara mbili. Tulifanya kazi moja, kwenye kaunta moja, na mimi ndiye niliyepoteza zaidi kwa sababu tu zamu zangu zilikuwa fupi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile hakikuwa changu.

Nilikwenda kwa msimamizi peke yangu. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Mdogo wangu, hapa tumefanya hivi miaka yote. Kama muda unakubana, tunaweza kukupunguzia zamu." Nikasema haunibani. Ratiba iliyofuata ilipobandikwa, zamu zangu nne zilikuwa mbili.

Sikupewa barua wala onyo, na hakuna aliyenikunjia uso. Nilirudi nyumbani nikautoa mkataba wangu, nikausoma kwa makini kwa mara ya kwanza, nikakuta umeandikwa "hadi saa 16 kwa wiki". Lile neno "hadi" nilikuwa nimelipita kama halipo. Mfanyakazi wa kudumu, mwajiri akitaka kumwadhibu, kwa kawaida kuna barua, kuna kuitwa, kuna kujieleza. Wa saa chache anapunguziwa zamu tu, na kwenye karatasi hakuna kosa lililotendeka. Nilikuwa nikiamini kwamba chama ni cha watu wenye mengi ya kupoteza. Usiku ule nilielewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa sina kizuizi chochote mbele yangu.

Mwakilishi wetu alikuwa mzee wa ghala, na kila mtu alimwita Mzee. Nilimkuta akipanga maboksi. Alilichukua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, kisha akauliza, "Binti, wengine wako wangapi?" Sikujua. "Kwa daftari hili moja watasema una haraka ya kuondoka. Nitafutie ya watu watano."

Akaniambia pia jambo ambalo sikutaka kulisikia. Vyama vingi havichukui shauri lililotokea kabla mtu hajawa mwanachama, na chao kilikuwa hivyo. Zamu zangu mbili zilizokatwa zilikuwa nje ya uwezo wake. Dakika zisizolipwa ziliweza kushughulikiwa kwa sababu zilikuwa bado zinaendelea, kila jioni. Nilijaza fomu pale pale juu ya boksi, nikiwaza ile ya kwanza niliyoikunja mfukoni. Ndiyo sababu nikiulizwa lini ajiunge mtu, husema wiki ya kwanza ya kazi, kabla hajawa na shida yoyote. Shida ikishafika, huenda umechelewa.

Kuwapata watu watano kulichukua wiki sita. Tulikuwa kumi na mmoja wa saa chache, na hofu yetu wote ilikuwa ratiba. Nisingeweza kumwambia mtu asiogope, maana walikuwa wameyaona yaliyonipata. Kilichosaidia ni mambo madogo. Mzee alitueleza kwamba hatukulazimika kumtangazia meneja uanachama wetu, na kwamba ada tungeweza kulipa wenyewe moja kwa moja chamani badala ya kukatwa kwenye mshahara, ambako mwajiri huliona jina. Tukakubaliana pia kila ratiba ikibandikwa tuipige picha, ili zamu za mtu zikianza kupungua ghafla tuwe na za nyuma za kulinganisha.

Mimi nilikwenda maktaba ya chuo, nikasoma. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 23, linasema kila mtu ana haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho. Halisemi kila mtu wa kudumu. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 87 wa 1948 kuhusu uhuru wa kujiunga, na namba 98 wa 1949 unaotaka mfanyakazi alindwe asifukuzwe wala kuumizwa kwa namna nyingine kwa sababu ya chama. Halafu nikakuta wa namba 175, wa 1994, ulioandikwa mahususi kwa ajili ya watu kama sisi. Unataka mfanyakazi wa saa pungufu apate ulinzi ule ule wa mwenzake wa saa kamili katika kujiunga na chama, katika majadiliano ya pamoja, yaani chama kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, na hata katika kuwa mwakilishi, na mshahara wake wa msingi, ukipimwa kwa saa, usiwe chini ya wa mwenzake kwa sababu tu saa zake ni chache. Nchi nyingi bado hazijauridhia, na penye mkataba wa kimataifa bado sheria ya nchi yako ndiyo ya kuangalia kwanza. Hata hivyo kusoma kule kulinibadilishia namna ya kuongea. Nilipozungumza na wenzangu sikuwa tena natafuta hisani ya mtu.

Sasa niseme na la chama. Mkutano wa tawi ulikuwa saa nne asubuhi, katikati ya wiki, wakati sisi wengine tuko darasani. Mara ya kwanza nilipokosa kipindi ili nihudhurie, ajenda ilikuwa kiinua mgongo, kupandishwa vyeo na mikopo. Yote ni mambo mazito, sibishi. Lakini ratiba ya zamu, ambayo kwetu ndiyo mshahara wenyewe, haikutajwa hata mara moja. Niliposimama kuuliza, kaka mmoja alisema, "Nyinyi mnapita tu." Niliumia, maana ndiyo maneno niliyokuwa nikijiambia mwenyewe. Nikamjibu kwamba mimi nikipita atakuja mwingine kwenye kaunta ile ile, na akikubali kufanya dakika 35 bure, siku moja meneja atauliza kwa nini wa kudumu hafanyi. Ukumbi ulinyamaza. Baada ya mkutano ndipo mtunza hazina akanifuata kuniambia kwamba chama kina ada ya nusu kwa wanaofanya chini ya nusu ya saa za kawaida. Nilikuwa nimelipa nzima miezi miwili. Hakuna aliyekuwa ametuambia, na ningekuwa sikusimama siku ile nisingejua. Vyama vingi vina viwango kama hivyo kwa wanafunzi na wenye kipato kidogo, kwa hiyo uliza kabla hujatia saini.

Tulipoingia kwa meneja tulikuwa wawili, Mzee na mimi, na madaftari matano mezani. Meneja aliyafungua mawili, akauliza ya nani na nani. Mzee akasema majina yako chamani, yeye amekuja na hesabu. Meneja akasema ni dakika chache tu. Mzee hakubishana. Alimsogezea karatasi yenye jumla ya watu watano kwa miezi mitatu, akakaa kimya, nami nikabana ulimi ingawa nilikuwa na mengi. Meneja aliiangalia karatasi ile kwa muda mrefu. Mimi nilipokwenda peke yangu nilikuwa binti mwenye ratiba inayombana. Safari hii ilikuwa hesabu, na hesabu haipunguziwi zamu.

Ilichukua vikao vitatu. Zamu ya jioni sasa inaandikwa kuanza saa kumi na moja kasorobo hadi saa tatu na dakika 20, na hesabu zikikataa muda unaoongezeka unaandikwa. Ratiba inabandikwa wiki mbili kabla. Malimbikizo tulilipwa ya miezi mitatu tu, ingawa miongoni mwetu kulikuwa na waliofanya miaka miwili, na kwa hilo bado nina uchungu. Zamu zangu mbili zilirudi bila maelezo, kama zilivyoondoka.

Yule dada aliyekosa basi alipata kazi nyingine baadaye, kwenye duka la mwajiri mwingine. Alidhani atalazimika kuanza upya. Kumbe chama chetu ni cha sekta nzima, si cha duka, kwa hiyo kadi yake imekwenda naye na miezi yake ya uanachama inahesabiwa. Ndicho ninachomwambia anayesema hatakaa: ulizia kama uanachama unahama nawe.

Siwezi kusema kila tawi linafaa. Kabla ya kujiunga muulize mwakilishi alichaguliwa na nani, na lini. Kama hakuna anayekumbuka uchaguzi, au kama mwakilishi ameteuliwa na mwajiri, mwenye kukusaidia atakuwa ofisi ya chama ya juu, si tawi hilo. Uliza ni wangapi wa saa chache waliomo. Wakiwa wawili, mtapuuzwa kama tulivyopuuzwa sisi, hadi muwe wengi. Sioni njia ya mkato hapo. Sisi tulikuwa mmoja, tukawa watano, sasa ni tisa kati ya kumi na mmoja, na mikutano ya tawi inafanyika asubuhi mwezi mmoja, jioni mwezi unaofuata.

Lile neno "hadi" bado limo kwenye mikataba yetu. Tumeomba liondolewe, mahali pake iandikwe idadi ya chini ya saa ambazo mtu hatapungukiwa, na suala hilo limeingia kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi. Meneja amekataa mara moja. Kikao kijacho ni mwezi ujao, nami nimechaguliwa kuwa mmoja wa watatu watakaoingia. Daftari bado naliandika.