Uzoefu wangu: kupata programu ya kuingia kompyuta za kazini kwa mbali kwa hela ndogo

Mimi ndo natunza kompyuta za biashara yenye matawi kadhaa na mafundi tuko wawili tu. Printa ikigoma tawi la mbali simu inakuja kwangu, mhasibu akikwama kwenye Excel siku ya kufunga hesabu simu inakuja kwangu, na kuelekezana kwa mdomo kunachosha pande zote mbili, "bonyeza pale kushoto", "kushoto wapi kaka, mbona huku hakuna kitu", muda unaenda na mteja amesimama pale anasubiri risiti. Kwa hiyo programu ya kuona skrini ya mwenzako na kushika mausi yake ukiwa mbali kwetu ni kitendea kazi kabisa, ila ilibidi iwe ya bei tunayoimudu.

Sikuanza na bei. Nilianza kwa kuandika kwenye daftari kila simu ya msaada inayoingia, nani kapiga, tatizo gani, na je yeye mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya hiyo kompyuta au la. Hilo swali la mwisho ndo lilinifungua macho. Msaada mwingi ulikuwa wa mtu aliyekaa hapohapo, anaweza kubonyeza "kubali" akakuona unavyofanya. Mashine ninazotaka kuingia bila mtu yeyote kuwepo ni chache tu, ile inayofanya kazi ya seva (kompyuta inayohudumia zingine), zile za kaunta ambazo naziapdeti usiku wakishafunga. Sasa kampuni zinazouza hizi programu mara nyingi zinatenganisha hayo mambo mawili kwenye vifurushi vyao, na ukinunua kifurushi kikubwa kwa ajili ya mashine chache unalipia vitu ambavyo hutavigusa.

Halafu angalia wanahesabu nini. Hapa ndo watu wengi wanapigwa, manake bei mbili zinaweza kufanana kwenye tangazo lakini moja inahesabu mafundi, nyingine inahesabu kompyuta zinazohudumiwa, nyingine inahesabu ni watu wangapi wanaunganisha kwa wakati mmoja. Kwa sisi wenye mafundi wawili na kompyuta nyingi, inayohesabu mafundi ndo rahisi, ila kama una kompyuta chache na mafundi wengi hesabu inageuka. Chukua idadi yako ya sasa, weka na idadi unayotegemea mwakani, piga hesabu ya mwaka mzima sio ya mwezi, na soma pale wanapoandika bei ya kurenew maana ile ya mwaka wa kwanza mara nyingine ni ya kukuvutia tu.

Kuhusu za bure, TeamViewer na AnyDesk zote zina toleo la bure lakini ni la matumizi binafsi, kwenye biashara unatakiwa leseni, na siwezi kumshauri mtu aendeshe biashara kwa toleo la nyumbani, sio halali na unaweza kukatiwa katikati ya kazi. Tena bure ya kampuni ni ya kampuni, ikiamua kuifunga inaifunga, LogMeIn, kampuni nyingine ya programu hizihizi, walikuwa na toleo la bure lililopendwa sana wakaliondoa Januari 2014 na watu wakabaki wanahangaika kutafuta pengine.

Wengine wataniambia mbona Windows ina Remote Desktop yake ndani. Ndiyo ipo, na ni nzuri kwa mtu kuingia kwenye kompyuta yake mwenyewe, ila kwa kusaidia wengine haikai vizuri, ukishaingia skrini ya aliyekaa pale inajifunga haoni unachofanya, na Windows Home haipokei kabisa huo muunganisho. Na tafadhali, tafadhali, usifungue poti 3389 (mlango unaotumiwa na Remote Desktop) kwenye ruta ikaonekana na intaneti nzima. Mwaka 2019 lilitoka tobo la kiusalama lililoitwa BlueKeep lililogusa hiyo huduma kwenye Windows za zamani, lilikuwa linamruhusu mvamizi aingie bila hata paswedi. Kama lazima uitumie, ipitishe ndani ya VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kati yako na mtandao wa ofisi.

Kwa msaada wa mtu aliyekaa mbele ya mashine nikachagua Quick Assist ambayo tayari ipo kwenye Windows 10 na 11, hailipiwi. Mwenzangu anabonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Q kwa pamoja, mimi nimeshaingia na akaunti yangu ya Microsoft nikapata namba ya siri ya muda mfupi, namtajia kwenye simu, anaiingiza anakubali basi niko ndani. Kitu kimoja cha kujua kabla hujaanza, unapotaka kuinstoli kitu na Windows ikauliza ruhusa ya msimamizi, kwako skrini inakuwa nyeusi. Dada wa mapokezi aliniambia "kaka, mbona umenyamaza, mimi huku naona inaniuliza Yes au No". Hiyo ndivyo Windows ilivyotengenezwa, lile dirisha la ruhusa linafunguka sehemu iliyolindwa ambayo mtu wa mbali haioni, ni ulinzi na ni ulinzi mzuri. Kwa hiyo kazi za kuinstoli tunazifanya kwa njia ya pili.

Njia ya pili ni RustDesk, programu ya chanzo huria, yaani kodi yake iko wazi kwa kila mtu, na unaweza kuweka seva yako mwenyewe. Tulikuwa na kaseva kadogo kanachotumia Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) tayari, nikaweka programu zake mbili, hbbs inayotambulisha mashine kwa mashine na hbbr inayopitisha picha pale ambapo kompyuta mbili zimeshindwa kuunganishwa moja kwa moja. Kwenye faiawolu (ukuta unaochuja kinachoingia kwenye mtandao) fungua poti za TCP 21115 hadi 21117, na 21116 ifungue pia kwa UDP, TCP na UDP ni njia mbili tofauti za kusafirisha data, hiyo UDP ndo watu wanaisahau halafu wanalalamika mashine hazionekani. Seva ikiwaka inatengeneza funguo mbili, faili la id_ed25519 na lenzake la .pub, ule wa .pub ndo unaweka kwenye kila kompyuta. Hayo mafaili mawili yatunze nakala pembeni, seva ikifa ukaanza na funguo mpya itabidi uzipitie kompyuta zote upya. Orodha ya mashine ambayo mafundi wote wanaiona na usimamizi wa watumiaji viko kwenye toleo la kulipia, sisi tunatumia orodha yetu kwenye jedwali na inatosha. Kama hauna mtu wa kutunza seva, lipia huduma ya kampuni tu, usijitese, muda wa fundi nao ni hela.

Kabla ya kukubali programu yoyote nilijaribu kwenye tawi lenye intaneti mbovu kuliko yote. Jaribio lenyewe ni rahisi, fungua Notepad kule, andika sentensi ndefu bila kusimama, angalia herufi zinatokea na wewe au zinakuja kwa mafungu. Halafu punguza ubora wa picha urudie. Na mwenye Mac ajue kwamba mtu lazima awe mbele ya mashine mara ya kwanza, akubali mwenyewe ruhusa za kurekodi skrini na ile ya Accessibility (inayoruhusu kushika mausi na kibodi) kwenye mipangilio.

Usalama ndo sitaki kuuruka. Mwaka 2024 mwanzoni AnyDesk walitangaza mifumo yao imevamiwa, wakabatilisha vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha kuwa programu ni yao na kuwataka wateja wabadilishe paswedi, na mwaka huohuo Microsoft wakaonya kuhusu matapeli wanaopiga simu wakijifanya mafundi wakitumia hiyohiyo Quick Assist. Kwa hiyo kila mashine isiyo na mtu ina paswedi yake ndefu, tofauti na ya nyingine, na fundi akiondoka kazini tunabadilisha zote siku hiyohiyo. Wafanyakazi nao tumewaambia hivi, mtu akikupigia anadai ni wa IT anataka uingize namba, kata simu, halafu tupigie wewe kwa ile namba iliyobandikwa kwenye kompyuta yako. Juzi mama wa uhasibu alinikatia mimi mwenyewe simu kwa sababu nilimpigia kwa namba asiyoijua, akanipigia kwenye namba yetu, ndo tukaendelea na kazi.