Godoro la Shosho

Mei 2024, wiki chache baada ya Mto Mathare, jijini Nairobi, kufurika usiku na kuzoa nyumba za watu, niliitwa kufanya ukalimani wa siku moja. Mgeni alitoka wizara ya nchi moja ya Ulaya, na alitaka kuwasikia walioathirika. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, kwa hiyo sikuuliza mengi.

Tulikutana kanisani: mabati juu, viti vya plastiki, matope ya mafuriko bado yameganda pembeni. Watu kama arobaini, wengi wao akina mama. Baadhi yao walikuwa wamebomolewa hata kile ambacho mto ulikisaza, kwa sababu ya amri ya kuhama mita 30 kutoka ukingoni.

Mgeni alianza vizuri. Alieleza kuwa mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Dubai, ahadi za pesa zikaanza kutolewa. Nikatafsiri. Nilipofika kwenye jina la mfuko, ulimi ukashika njia ya mkato: "mfuko wa fidia." Kanisa likachangamka. Msaidizi wa mgeni, Mkenya mwenzetu, akanivuta shati.

"Si fidia," akaninong'oneza. "Hilo neno hawalitaki. Sema ufadhili."

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichomshtua. Paris, mwaka 2015, nchi tajiri, Marekani ikiwa mbele, zilihakikisha aya ya 51 ya uamuzi wa mkutano wa tabianchi inatamka wazi kuwa kifungu cha hasara na uharibifu katika Mkataba wa Paris si msingi wa kudai fidia wala wa kumbebesha mtu lawama ya kisheria. Na pale Dubai, Marekani hiyohiyo iliahidi dola milioni 17.5. Milioni, si bilioni. Niliisoma mara mbili.

Basi nikajirekebisha, nikasema ufadhili. Minong'ono ikakatika.

Shosho mmoja, bibi wa safu ya pili, leso kichwani, akasimama.

"Kijana wangu, nisaidie. Mwanzo ulisema fidia, sasa ni ufadhili. Kumetokea nini hapo katikati?"

Watu wakacheka. Mgeni naye akatabasamu, bila kujua anachekea nini.

"Ni ufadhili, Shosho. Mimi ndiye niliyekosea."

"Hukukosea. Jirani wa ghorofa ya juu akiacha mfereji wazi, maji yashuke yaloweshe godoro langu, halafu aje na mandazi mawili, nimwambie asante kwa ufadhili? Muulize. Tena muulize kama hiyo pesa ni ya kupewa au ya kukopeshwa. Godoro aloweshe yeye, deni nilipe mimi?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Sehemu kubwa ya pesa za tabianchi ambazo serikali za nchi tajiri hujihesabia kuwa zimetoa ni mikopo. Shosho hakuwa amesoma ripoti yoyote. Alikuwa na miaka mingi tu ya kuona vitu vya bure vinavyogeuka deni.

Mgeni akanigeukia, kalamu mkononi. Kiingereza changu si kibaya. Maneno yote nilikuwa nayo: mfereji, ghorofa, mandazi. Lakini msaidizi alikuwa amenikazia macho, na bahasha yangu ilikuwa kwenye mkoba wake. Nikasema kwamba mama huyu angependa kujua fedha hizo zitatolewa kwa masharti gani.

Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaandika, kisha akajibu kwa dakika tano juu ya bodi ya mfuko na Benki ya Dunia itakayouhifadhi kwa kuanzia. Nilitafsiri kila neno. Sijawahi kutafsiri kwa uaminifu kama zile dakika tano.

Shosho alikuwa bado amesimama. Kiingereza hakijui, lakini urefu wa maneno anaujua.

"Umemwambia la godoro?"

"Nimemwambia, Shosho."

Akanitazama kidogo, akakaza leso yake, akaketi.