Kishikio cha msaji

Kamera yangu ni bapa kwa mbele, kama mche wa sabuni. Ikining'inia shingoni haina taabu, ila ukiishika kwa mkono mmoja kwa muda kidole cha mwisho kinakosa pa kukaa na gumba linaanza kuuma. Nilikuwa na kipande cha msaji kilichobaki nilipotengeneza rafu, nikaamua kuichongea kishikio.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijagusa msumeno. Tundu la chini, lile la kufungia stendi ya miguu mitatu, ni la robo inchi, na ndani lina nyuzi za skrubu 20 kwa kila inchi. Mimi nikachukua bolti ya milimita 6. Robo inchi ni milimita 6.35, kwa macho huoni tofauti. Iliingia mizunguko miwili ikichezacheza, kisha ikagoma, kwa sababu nyuzi zake zimepishana milimita 1 na za kamera ni 1.27. Nashukuru sikuwa na koleo karibu, maana najijua: ningeikaza. Baadaye nilipata bolti sahihi, nikaikata ili inayotokeza juu ya mbao isizidi milimita 5. Ikiwa ndefu inagonga mwisho wa tundu na kuumiza kamera.

Umbo sikulichora. Nilibandika udongo wa kufinyangia mbele ya kamera, juu ya karatasi ya plastiki, nikaiinua hadi jichoni na kubana kama ninayepiga picha. Mara ya kwanza niliibana ikiwa mezani, na alama zikatoka kwingine kabisa. Mkono ulioinuliwa hushika kivyake. Hapo ndipo nilipoona kwamba mzigo wote unabebwa na kidole cha kati. Kidole cha shahada, ambacho nilikuwa nimekipangia shimo zuri, hakibebi chochote, kinasubiri kubonyeza tu.

Msaji ni mbao ya kiburi. Una silika ndani, tupa yangu ikawa butu haraka, na vumbi lake linawasha pua, kwa hiyo vaa barakoa. Tena una mafuta: kiungo cha kitako, kile kipande kinachokaa chini ya kamera, na kipande cha mbele nilikigundisha jioni, asubuhi kikaachia mkononi. Nilipangusa pande zote mbili kwa asetoni, nikapaka gundi papo hapo, na hadi leo kimeshika. Msasa nilianza na namba 80 nikamalizia na 400, kisha mafuta ya kitani, tabaka tatu nyembamba. Matambara ya mafuta hayo yatandaze yakauke, usiyakunje ukayatupa kwenye pipa. Yanaweza kujiwasha yenyewe.

Kati ya mbao na kamera nimeweka ngozi nyembamba isikwaruze.

Kitu kimoja nilikisahau kabisa: mlango wa betri uko chini. Kitako kinaufunika wote. Kila betri ikiisha nafungua kishikio kizima, na kwa kuwa kichwa cha bolti kina mfuo, siku hizi sitoki bila sarafu mfukoni.