Ukitaka sulisuli apone, anza na ndoana

Watamu na Malindi, sulisuli wengi, samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama mkuki, wanaonaswa na wavuvi wa michezo hutiwa alama na kurudishwa baharini. Ila kuondoka akiogelea si ushahidi kwamba atapona. Ndoana ikitoboa koo, tumbo au matamvua, huvuja damu ndani kwa ndani, akafia kilindini tusikomwona.

Ndoana ya kawaida, ile ya umbo la J, huchoma popote inapogusa. Ya duara ncha yake imepindwa kuelekea shina. Hata chambo kikimezwa, mshipi ukivutwa taratibu huteleza kooni bila kuchoma mpaka pembe ya mdomo, hapo ikageuka na kushika taya. Marekani, tangu 2008, mashindano ya samaki wa jamii hii upande wa Atlantiki yanalazimika kuitumia kwa chambo cha samaki halisi.

Lakini kagua kabla ya kununua: ilaze mezani. Ncha ikiinuka, ndoana hiyo imepindishwa ubavu, na inaweza kuchoma koo kama ile ya J. Iache dukani.

Ukitumia chuchunge kama chambo, usiizike ndoana ndani ya nyama. Ifunge kwa uzi juu ya kichwa, ncha ikae nje, na nafasi kati ya ncha na shina ibaki wazi. Nafasi hiyo ikizibwa haishiki taya, kisha watu wanailaumu ndoana bure. Samaki akichukua, mwachie mshipi kama sekunde 3 hadi 5, kaza polepole breki ya roda, lile gurudumu la kukunjia mshipi, kisha izungushe. Usivute fimbo kwa ghafla hata kidogo! Ukiivuta hivyo, ndoana inachomoka kabla haijafika pembeni mwa mdomo.

Mshipi wa kilo 4, yaani unaokatika ukivutwa kwa uzito huo, unaleta sifa, lakini samaki hupigana mpaka misuli ikajaa asidi, na akiachiwa hoi hivyo ni riziki ya papa. Kwangu mimi, wa kilo 15 ndio wa haki kwake.

Asipandishwe botini. Vaa glavu, shika ule mdomo mrefu, boti isonge mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua, hadi apige mkia kwa nguvu. Ndoana ikiwa ndani sana, usichokonoe. Kata mshipi karibu nayo kabisa. Ndiyo maana nasisitiza ndoana za chuma kinachoshika kutu: zile zisizoshika kutu hubaki mwilini muda mrefu mno.