Baridi ya Uyole ilitudanganya

Wazo la kupika wali Jumamosi usiku lilikuwa la mama mdogo, na hakuna aliyelipinga. Jumapili mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara, na wanawake wote wa nyumbani walitaka wawe kanisani, siyo nyuma ya nyumba wakitoka machozi ya moshi. Ilikuwa Julai 2008. Anayeijua Uyole ya Julai hahitaji kuelezwa: jua likizama watu wanajifunga mablanketi, na asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. "Baridi yote hii, chakula kitachachaje?" mama mdogo aliuliza, akacheka mwenyewe. Friji hatukuwa nayo, lakini Mbeya nzima ilikuwa friji.

Nilikuwa na miaka 19, kazi yangu kuni na kubeba. Mchele wa Kyela, kule bondeni kwenye joto, kilo 30, masufuria mawili ya kukodi, yale ambayo lazima muwe wawili kuyaepua. Kufika saa tatu usiku wali ulikuwa umekauka, tumeshapalia makaa juu ya mifuniko, harufu imefika barabarani. Tukayaingiza stoo. Mama mdogo akaniambia niyafunike vizuri panya wasije wakaingia. Nikayafunika kwelikweli: mfuniko, juu yake gunia, halafu blanketi langu la bwenini nikalizungushia sufuria kubwa kama mtu anayemfunika mgonjwa. Nilijiona mjanja. Kesho tutapasha kwa kuni chache, nikasema moyoni.

Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kufungua, pumzi yangu ikitoka kama moshi. Matone yalidondoka kutoka kwenye mfuniko. Nikazamisha mwiko hadi katikati, nikachota, nikaushika wali kwa vidole: vuguvugu, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Nikanusa, haukunuka. Nikaonja tonge, mtamu. Tukautia moto chini na makaa juu mpaka ukatoa mvuke.

Watu kama tisini walikula saa saba mchana. Kulikuwa na nyama, maharage, kabichi, ndizi, na mtindi ambao jirani wa nyumba ya pili aliuleta kwenye ndoo, zawadi yake kwa mtoto. Mjomba alikuwa hajamaliza hotuba (hotuba za mjomba zinajulikana) pale mtoto mmoja wa kwaya alipotapika juu ya viatu vyake vipya. Tukacheka kidogo, tukasema kala mno. Akafuata mama yake. Saa tisa na nusu choo chetu kimoja kilikuwa na foleni, na nyuma ya migomba hakukufaa kwenda tena. Mimi nilitapika mpaka nikabaki na maji machungu.

Kwetu mtu mmoja akitapika ni tumbo. Watu thelathini wakitapika ni mkono wa mtu. Sikumbuki nani alianza kusema, ila ghafla macho yote yalikuwa kwenye ile ndoo ya mtindi. Hakuna aliyemtukana. Walisogeza viti tu. Jirani yetu akaichukua ndoo yake, bado ina mtindi chini, akaondoka bila mtu wa kumsindikiza. Mama alimwona, akanyamaza. Mimi pia.

Waliozidiwa walipelekwa zahanati. Wengine walinywa maji ya dawa ya nyumbani, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kufika usiku wengi walikuwa wamepata nafuu.

Jumatatu akaja bwana afya na daftari. Nilitegemea aulize nani alileta nini. Yeye aliuliza nani alikula nini, na alianza kuumwa saa ngapi. Bibi yetu wa Tukuyu, ambaye wali hapendi, alikuwa amekula ndizi na kunywa mtindi vikombe viwili. "Mimi mzima," alisema, karibu kwa kujivuna. Mtoto wa kwaya hakuugusa mtindi kabisa. Bwana afya akafunga daftari.

"Wali ulipikwa lini?"

Mama mdogo akamjibu, akaongeza habari za baridi. Bwana afya akauliza nani aliyefunika masufuria, nikaeleza mpaka blanketi. Mchele, alisema, unakuja na mbegu za mdudu kutoka shambani, na maji yanayochemka hayazimalizi. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, kati ya nyuzi 5 na 60, zinaota na kuacha sumu. Ukipasha moto, wadudu wanakufa, sumu inabaki. Ilibidi tuugawe kwenye masinia, upoe upesi. "Nje kulikuwa baridi, Mama. Ndani ya sufuria ilikuwa Kyela."

Mabaki yalikuwa yameshamwagwa, kwa hiyo maabara haikuwa na cha kupima. Lakini baadaye, chuoni, nilikutana na jina la mdudu, Bacillus cereus, na habari za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970: wateja wa migahawa ya Kichina walikuwa wanatapika kwa wali uliochemshwa, ukalala nje, kesho yake ukakaangwa. Niliisoma mara mbili, nikamkumbuka mama mdogo na kicheko chake.

Jumatano jioni mama alifunga sukari kilo mbili kwenye kitenge, akaniambia nimfuate. Jirani alitufungulia mlango, akatukaribisha, akatuletea viti. Mama akaomba radhi kwa Kinyakyusa, kwa maneno marefu ya kiutu uzima, na yeye akaitikia kila kituo kama inavyotakiwa. Alisema yamekwisha. Halafu akaleta chai. Nyumba ile ilikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, tulikuwa tunawasikia wakitafuna nyuma ya ukuta. Chai ilikuwa ya rangi.